Saa Kumi na Nne

Mkasi ukishapita umepita. Zamoyoni Kapalata alilijua hilo tangu yu kigoli, maana alikuwa fundi cherehani, na fundi akishakata vibaya kitenge cha mtu hana pa kukimbilia. Kwa hiyo siku Mwalimu Editha alipomwambia kwamba katika Kitabu cha Kata hakuna linalopotea, kwamba unaweza kuharibu asubuhi na mchana ukarudi pale pale ulipokuwa, alicheka mpaka machozi yakamtoka.

"Wewe Mgogo, utani wenu umezidi sasa," alisema. "Niharibu, halafu nirudi?"

"Kweli tupu, Mama Nyamizi. Haribu uone."

Akaharibu. Akafuta ukurasa mzima wa amri, kioo cha mtambo kikabaki cheupe. Editha akagusa mara mbili tu, ukurasa ukarudi na kila herufi mahali pake. Zamoyoni akasogeza kiti. Akaomba aharibu tena, akaharibu, ukarudi. Mara ya tatu hakucheka. Alitoa leso akajifuta uso, akasema kwa sauti ndogo kwamba laiti angekuwa na kitu kama hiki siku aliyokata gauni la harusi la binti wa shemeji yake.

Walikuwa katika chumba cha mwisho cha ofisi ya kata ya Ilolambogo, kwenye misitu ya miombo, nchi ya asali na karanga. Editha alikuwa mtunza Kitabu, mwanamke wa miaka thelathini na mmoja. Zamoyoni alikuwa na arobaini na nne, na alikuja kujifunza kwa sababu moja tu, nayo ni binti yake Nyamizi, mwenye miaka kumi na saba na kibuyu tumboni.

Kibuyu ndivyo watu walivyokiita. Kilikuwa chombo kidogo cha kubandika juu ya ngozi, chenye umbo la kibuyu hasa, kinachowapa dawa wenye kisukari kila wakati wa kula unapokaribia. Kampuni iliyokitengeneza ilishafunga milango zamani, ikawaachia watu vyombo bila fundi. Na kibuyu kisicho na amri za kukiongoza ni kopo tu. Ndipo kata zikasema, basi, amri tutaandika wenyewe. Kila kata ikaweka Kitabu chake ndani ya mitambo, na vitabu hivyo vikawa vinaazimana, huyu akivuta nakala ya yule bila kubisha hodi, kama watu wanavyoazimana moto wa jikoni.

"Usiandike kwenye shina," Editha alimfundisha. "Shina ndilo linaloingia kwenye matumbo ya watu. Wewe toa tawi lako pembeni, cheza humo, kosea humo. Ukimaliza, unaliunganisha na shina. Na kila unachofanya unakiwekea hatua: jina lako, siku, na sababu. Sababu usiandike 'nimebadilisha'. Tunaona kwamba umebadilisha. Sema kwa nini."

"Na sote wawili tukigusa mstari mmoja?"

"Hapo mtambo utagoma. Unaitwa mgongano. Utakuonyesha mstari wako na mstari wangu, na utakuuliza ushike upi. Ukiona hivyo, usikimbilie kuchagua. Niulize."

Akamwambia na sheria za Kitabu, ambazo zilikuwa mbili tu. Ya kwanza: hakuna mkono unaoandika peke yake, mmoja ataandika, mwingine atasoma na kutia neno lake, *Nimesoma*. Ya pili: aliyemdhuru mtu kwa mkono wake, mkono huo hautagusa Kitabu tena.

Miezi saba walikaa hivyo, asubuhi kwa asubuhi, chupa ya chai katikati na sahani ya michembe, viazi vikavu vya kuchemsha, na karanga. Zamoyoni aliuliza maswali ya kitoto na Editha hakumcheka hata mara moja. Alipokosea, Editha alimwonyesha hatua zake mwenyewe za zamani, makosa yake ya mwaka wa kwanza, yote yamo, na jina lake juu. "Nami nilipita hapa hapa, mama," alimwambia. Zamoyoni alirudi nyumbani akimwombea dua. Siku aliyorekebisha kwa mkono wake mwenyewe kile kibuyu cha Nyamizi kilichokuwa kikichelewa kutoa dawa, alimchinjia Editha jogoo na kumshonea gauni la vitenge viwili, na bado aliona hajalipa.

* * *

Msimu wa kuvuna karanga ulipofika, kata ikaomba jambo. Vibuyu vilijua kutoa dawa ya asubuhi, maana vilihisi mtu akiamka na kunywa uji, na ya jioni hali kadhalika. Lakini mchana, watu wakiwa shambani, walisahau kubonyeza. Basi iwekwe saa maalumu, dozi ya mchana ijitoe yenyewe watu wanapokaa kula. Na Ilolambogo, wakati wa mavuno, watu hula saa nane.

Kazi ilikuwa ndogo, mistari isiyozidi kumi. Zamoyoni akatoa tawi akaiandika. Hakujua kwamba Editha naye, kwa kumwonea huruma, alishaianza kwenye tawi lake, akasomewa na karani wa ofisi na kuiunganisha Ijumaa, kisha akapanda basi kwenda Dodoma kwenye msiba wa mjomba wake.

Jumapili Zamoyoni alipotaka kuunganisha, mtambo ukagoma. Mgongano. Mstari mmoja tu, mistari mingine yote imekubaliana:

*saa ya mchana: 8*, mkono wa Zamoyoni.

*saa ya mchana: 14*, mkono wa Editha.

Akautazama kwa muda mrefu. Kumi na nne? Akahesabu kwa vidole, saa moja, saa mbili, mpaka saa kumi na mbili, hapo jua linazama na unaanza upya. Saa kumi na nne ndiyo ipi? Hakuna binadamu aliyewahi kuulizwa saa akajibu kumi na nne. Masikini Mwalimu, alijisemea, mawazo yalikuwa kwenye msiba, kidole kimeteleza.

Akakumbuka ile nasaha: usikimbilie kuchagua, niulize. Akashika simu. Akaiweka. Mtu yuko matangani, umpigie kumwambia amekosea hesabu ya saa? Si adabu. Na ukweli wenyewe, tuuseme, kulikuwa na kajifuraha moyoni mwake, kwamba safari hii mwanafunzi ndiye anayemfichia mwalimu aibu. Akachagua nane. Kwenye sababu akaandika, *Nimesahihisha saa ya kula*. Akamtumia Editha asome.

Jibu lilikuja baada ya dakika mbili: *Nimesoma. Sawa.*

Jumanne ilikuwa siku ya gulio. Watu wa Ilolambogo walileta vibuyu ofisini kuvichaji, kama ada, na hapo ndipo vilipopokea amri mpya. Jumatano asubuhi watu wakaamka, wakanywa uji, vibuyu vikatoa dawa ya asubuhi. Na ilipofika saa mbili, ambayo mitambo yote duniani huihesabu kuwa ni saa nane kwa kuwa siku yao inaanza usiku wa manane, vibuyu vikatoa na dawa ya mchana juu yake.

Nyamizi aliponea chupuchupu kwa sababu alikuwa anatafuna michembe njiani kwenda shule. Mzee Lufungulo hakuwa na kitu cha kutafuna. Alianguka kwenye tuta la karanga saa tatu kasoro, jasho likimtiririka, na asingekuwapo jirani aliyekuwa na asali ndani ya kopo, tungekuwa tunasimulia mengine.

* * *

"Ni saa ngapi sasa?" Editha alimuuliza.

Alikuwa ameingia na basi la asubuhi, bado ana kanga ya msibani kiunoni. Mzee alikuwa zahanati, ameshafumbua macho. Vibuyu vya kata nzima vilikuwa vimekusanywa mezani na kuzimwa. Zamoyoni alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani.

"Saa tano na nusu."

"Mtambo unasema kumi na moja na nusu. Unahesabu tangu usiku wa manane hadi usiku wa manane, ishirini na nne bila kurudi nyuma. Saa nane mchana kwake ni kumi na nne." Akavuta kiti akaketi. "Miezi saba, Mama Nyamizi. Sikukufundisha kuhesabu saa. Nilidhani ni jambo ambalo kila mtu analijua."

"Na mimi nilidhani hivyo hivyo," Zamoyoni alisema. "Nimemwangusha mzee wa watu. Ee Mungu wangu. Mzee aliyenunua shati la kwanza nililoshona."

Wakalia wote wawili, hapo hapo, mmoja sakafuni na mwingine kitini. Kisha Editha akafuta uso, akainuka kufunga mlango, na alipogeuka alikuwa na sura nyingine.

"Sikiliza. Mtunza Kitabu ana ufunguo mmoja ambao sijakuonyesha. Ninaweza kuandika historia upya. Nikiutumia, ile hatua ya Jumapili inaondoka kama haikuwahi kuwapo. Halafu naweka hatua mpya, kumi na nne badala ya nane, naiita marekebisho madogo. Kamati itakaa keshokutwa, itakuta kibuyu kimepata hitilafu. Vyombo vyenyewe vikuukuu, nani atashangaa?"

"Na sheria?"

"Sheria inataka jina. Pasipo jina hakuna sheria." Akachuchumaa mbele yake. "Mama, ukitolewa kwenye Kitabu hutagusa hata kibuyu cha Nyamizi. Kikikwama utasimama pembeni unatazama. Umesahau ulivyokuja hapa unatetemeka?"

Hakuwa amesahau. Alimtazama yule binti aliyemfundisha kila anachokijua, akatamani sana kusema ndiyo. Akainuka, akaenda kwenye mtambo, akaifungua ile hatua ya Jumapili. Chini ya jina lake kulikuwa na jina la pili.

"Uliisoma, Mwalimu?"

Editha akalitazama jina lake pale kiooni.

"Nilikuwa makaburini," alisema. "Nikaona jina lako, nikatia sawa. Nilikuamini. Sikuisoma."

Kumbe! Sasa Zamoyoni akaelewa uzito wote. Akisema ukweli hajitoi peke yake. Anamtoa na mwalimu wake. Mtu aliyempa mkono shimoni, leo amvute atumbukie. Hakuwahi kumdai mtu fadhila wala kumlipa mtu ubaya kwa wema, na moyo ulimuuma kweli kweli. Kwa muda alikuwa tayari. Angesema, haya, futa, mwanangu, tufute wote wawili tuokoke.

Lakini mkono wake, kwa mazoea, ulishagusa ukingo wa ukurasa, pale panapoonyesha nakala. Namba ikatokea: arobaini na moja.

"Hii nini?"

"Kata zilizovuta Kitabu chetu tangu Jumapili."

"Kata zipi?"

"Haisemi. Mtu huvuta tu. Msimu wa mavuno kila mtu alikuwa anaingojea hii dozi ya mchana."

"Na gulio lao ni lini?"

Editha akafumba macho. "Kuna wa leo. Kuna wa kesho. Wakichaji jioni hii, asubuhi..."

"Asubuhi saa mbili," Zamoyoni alimalizia. "Ukifuta huku kwetu, kwao inafutika?"

"Hapana. Aliyekwisha kuvuta atabaki nayo. Lakini nikiweka yale marekebisho madogo, wakivuta tena wataipata."

"Marekebisho madogo, Editha!" Ilikuwa mara ya kwanza kumwita kwa jina tupu. "Nani anaacha karanga juani aende kuvuta marekebisho madogo? Mimi mwenyewe huyaacha mpaka Jumapili. Kuna kengele, ulinifundisha. Ile ya Batili."

Ndiyo, kengele ilikuwapo. Hatua ikitangazwa Batili, kila kitabu kilichoivuta hulia, popote kilipo, na hakinyamazi mpaka mtunza wake aje aone. Ila Batili haiwezi kutangazwa gizani. Inaitaja hatua inayoibatilisha, aliyeiandika, na aliyesema ameisoma. Na hatua iliyofutwa haiwezi kubatilishwa, maana haipo.

Editha alikuwa ametulia kabisa. "Ufunguo ninao mimi," alisema polepole. "Lakini Batili hata wewe unaweza. Sitakuzuia."

"Nisamehe, mwanangu."

"Unisamehe wewe."

Zamoyoni akavuta kiti. Akavikunja vidole, akavikunjua. Aliandika kwa kidole kimoja kimoja, na kwenye nafasi ya sababu akaandika hivi:

*Batili. Mstari wa saa ya mchana una 8. Niliandika mimi, Zamoyoni Kapalata wa Ilolambogo, nikimaanisha saa nane ya mchana ya kwetu. Mtambo umeielewa saa mbili asubuhi. Mzee wetu mmoja ameanguka, yu hai. Mwenzangu aliandika 14, ndiyo sahihi. Mimi nikamfuta bila kumuuliza kwa sababu niliona aibu kumsumbua. Msichaji vibuyu leo. Walioshachaji, zimeni sasa hivi. Mwenye wasiwasi aulize, hata liwe swali la kitoto.*

Akageuka. "Inahitaji wa pili kusoma."

Editha akaisoma. Safari hii aliisoma neno kwa neno, midomo ikicheza, akarudia tangu mwanzo. Akaongeza mstari wake: *Ile ya Jumapili nilitia sawa bila kusoma. Hii nimeisoma. Editha Chilongani.* Akaisukuma iende kwa kata zote.

* * *

Kamati ya kata ilikaa Ijumaa. Mtendaji alikuwa mtu wa haki na wa maneno mengi, akazisoma sheria zote mbili kana kwamba kuna mtu hazijui. Akauliza kama aliyedhurika ana la kusema.

Mzee Lufungulo alisimama kwa fimbo. Alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi.

"Nimeanguka, ndiyo," alisema. "Na mdomo umejaa udongo, nikasema leo karanga zinanivuna mimi." Watu wakacheka kwa woga. "Lakini sikilizeni. Hii si mara yangu ya kwanza. Enzi za ile kampuni niliwahi kuanguka mara mbili. Nilipiga simu miezi sita. Kila siku sauti inaniambia subiri. Sikupata hata wa kumtukana! Safari hii nimeanguka asubuhi, jioni yake mtu kaja kitandani kwangu, kapiga magoti, kaniambia, baba, ni mimi. Nimemtukana mpaka nikashiba. Kisha nikamwambia asante. Sheria ni sheria, sitaki kuivunja. Nilitaka tu lisikike."

Sheria haikuvunjwa, ila ilipinda kidogo kwa ajili ya uzito wa Batili. Zamoyoni hatagusa Kitabu kwa misimu mitatu. Editha atabaki mtunza, lakini kusoma kwake kutasomwa na wa tatu. Na Editha mwenyewe aliomba jambo moja, kwamba ule ufunguo wa kuandika historia upya uvunjwe mbele ya wote. Ukavunjwa. Ilikuwa kazi ya kubonyeza mara moja, na watu walioletwa kushuhudia walisikitika kwamba haikutoa hata mlio.

Kibuyu cha Nyamizi akakabidhiwa Editha, awe ndiye wa kukitengeneza. Zamoyoni alikibandua tumboni mwa binti yake kwa mikono yake mwenyewe, akakiweka kwenye kiganja cha Editha, akakiacha. Aliumia, hakuficha. Lakini alipoona jinsi Editha alivyokipokea kwa mikono miwili, alisema asante na ilitoka moyoni.

Walirudi kwenye chumba cha mwisho kuchukua chupa ya chai. Kioo kilikuwa wazi. Majibu ya Batili yalikuwa yakiingia tangu Jumatano, mengi ya neno moja: *Tumezima. Tumepata. Wazima wote.* Editha alikuwa akiyahesabu. Yalikuwa thelathini na tisa, kisha arobaini. La arobaini na moja liliingia wakiwa wamesimama, na lilikuwa refu. Editha akalisoma kwa sauti, maana Zamoyoni hakuwa na ruhusa tena ya kukaa pale.

*Sisi ni Mwanzagula. Tumesikia kengele tukafungua kuizima, tukasoma maelezo. 8 yenu tulikuwa tumeivuta, lakini hatujaichaji. Ila tumekwenda kutazama yetu. Tuna 9 ya kwetu, ya saa tisa alasiri, imekaa miezi minne. Watu wetu wamekuwa wakizimia asubuhi, tukasema ni jua, tukasema ni uvivu wa kula. Mama mmoja tulimzika mwezi uliopita. Aliyeandika ni mimi. Nilishaanza kushuku, nikaogopa kuuliza. Leo nimetangaza Batili kwa jina langu. Kama usingesema wewe, nisingesema. Asante, Zamoyoni Kapalata.*

Nje watu wa kamati walikuwa wanaagana.

"Niandike nini?" Editha aliuliza, vidole juu ya herufi. "Sema, mama, nitaandika mimi."

Zamoyoni alisimama nyuma ya kiti, mikono yake ameikunja ndani ya kanga isije ikajisahau.

"Mpe pole," alisema. "Halafu muulize kama ana mtu wa kukaa naye leo."